Msichimbe Pale, Kuna Waliolala

Majuto ni mjukuu. Methali hiyo niliijua tangu darasa la nne, na kila nilipoitia katika insha mwalimu aliweka alama ya vyema pembeni. Lakini nilikuwa naijua kwa kalamu tu. Siku niliyoijua kwa moyo nilikuwa nimeshika jembe, jasho linanitiririka, nami najisifu kimoyomoyo kwamba nimefanya kazi ya maana.

Ndugu msomaji, katika jarida letu umezoea kusoma habari za mashindano ya ngonjera, ziara za chama na vituko vya bwenini. Mwaka huu mimi nakuletea habari za maua. Usicheke kwanza. Wengi wetu hudhani kwamba kitalu cha maua ni mahali pa mtu aliyepewa adhabu na mwalimu wa zamu. Hata mimi nilidhani hivyo. Tafadhali soma mpaka mwisho, kwani huko mwishoni nina ombi, na ombi lenyewe si la mzaha.

Mwaka wa 2022 ulipokuwa ukiyoyoma, mara tu baada ya kufanya mtihani wa KCPE, baba yangu alinipandisha basi kutoka Mombasa anakofanya kazi, akanipeleka Machakos kwa mama mzaa mama. Sisi Wakamba bibi tunamwita Susu. Mama yangu alifariki nilipokuwa darasa la tatu. Nasema ukweli, simkumbuki vizuri. Nakumbuka leso yake ya rangi ya manjano, na jinsi alivyokuwa akiniita kwa sauti ya kuvuta nikichelewa kurudi nyumbani. Mengine yamepotea.

Wakati huo Ukambani kulikuwa kukavu ajabu. Tangu mwishoni mwa mwaka wa 2020, misimu mitano ya mvua ilikuwa imepita mfululizo bila mvua ya kutosha. Hata mvua za Oktoba hadi Disemba, ambazo ndizo wakulima wa kwetu huzitegemea zaidi, zilikuwa zimewapiga chenga. Mahindi ya Susu yalisimama shambani kama vijiti vya kuni. Mbuzi walikuwa wakitembea mbali kutafuta majani.

Karibu na mlango wa nyumba ya Susu palikuwa na kijisehemu cha mviringo kilichozungushiwa mawe. Ndani yake hamkuwa na kitu, udongo mtupu. Lakini kila asubuhi Susu alipofagia uwanja alikizunguka kile kijisehemu kwa uangalifu, na juu yake alikuwa ameweka matawi ya miiba ili kuku wasichakure. Mimi mtoto wa mjini nilijiambia, "Bibi kizee amezoea tu." Sikuuliza. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, nami sikujifunza.

Jumamosi moja ya Januari 2023 Susu alikwenda sokoni. Nikaona hiyo ndiyo nafasi ya kumfurahisha. Nilitoa miiba, nikachukua jembe, nikapiga udongo mpaka ukawa laini. Nia yangu ilikuwa kupanda sukuma wiki na kuimwagilia kwa maji ya kuoshea vyombo. Katika kulima nilikutana na vitu kama vitunguu vikubwa, vyenye mizizi minene myeupe. Vilikuwa kumi na kimoja. Nilinusa kimoja, nikaona si kitunguu cha kuliwa. Nikavitupa vyote juu ya mabua makavu pamoja na takataka nyingine, nikawasha moto.

Susu aliporudi nilimpokea kikapu, nikamwonyesha kazi yangu nikitabasamu. Aliangalia udongo. Aliangalia moshi. Kisha akaketi kwenye kigoda bila hata kuvua viatu.

"Walikuwa wapi?" aliuliza.

"Nani, Susu?"

"Wale waliokuwa wamelala hapo."

"Susu, hapo hapakuwa na kitu."

"Hapakuwa na kitu," alisema polepole, kama mtu anayerudia somo la lugha ngeni. Akainuka, akachukua kijiti, akaanza kupekua majivu. Alipata vitatu, vyeusi kama makaa. Alivigeuza, akaviacha.

Lahaula! Laiti angenigombeza. Laiti angechukua fimbo. Hakusema neno mpaka usiku, tulipokuwa tumekaa jikoni, ndipo aliponieleza. Mama yangu alipokuwa msichana wa darasa la saba, alikwenda kilimani kutafuta mbuzi aliyepotea. Mbuzi hakumwona siku hiyo, lakini katikati ya mawe aliona ua jekundu la mviringo kama mpira, limesimama peke yake bila jani lolote. Akalichimba pamoja na tunguu lake, akalileta nyumbani ndani ya mkebe wa Kimbo, akalipanda mlangoni. Hilo moja likazaa mengine.

"Mama yako alipoolewa akaenda Mombasa, maua yalibaki," Susu alisema. "Alipokufa, yalibaki. Kila mwaka mvua ya kwanza ikinyesha, yeye ndiye hunibishia hodi kabla ya wageni wengine wote. Miaka hii ya ukame alikuja kidogo tu, lakini alikuja."

Ndugu msomaji, usiku huo sikulala. Nilikuwa nimemchoma mama yangu pamoja na takataka.

Nilijiunga na shule hii Februari 2023 nikiwa na mzigo huo kifuani. Darasani nilisikiliza, uwanjani nilicheza, lakini usiku nilikuwa naona kijiti cha Susu kikipekua majivu. Mvua za masika zilipoanza, wenzangu walifurahi. Mimi nilifikiria mlango ule usio na mtu wa kubisha hodi.

Tulipofunga shule mwezi wa Aprili nilimkuta Susu ana jambo la kuniambia. Alisema kwamba mama yangu alikuwa na tabia moja iliyomkera sana. Alikuwa hawezi kumwona mtu akiyasifu maua yake bila kumpa tunguu moja. "Nilikuwa namgombeza," Susu alisema. "Nilikuwa namwambia, wewe msichana, utatumalizia maua. Sasa nenda kijijini ukaulize. Labda kuna aliyepewa."

Nilikwenda. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mwalimu aliyestaafu. Alikumbuka vizuri, akanionyesha mahali, lakini mahali penyewe palikuwa pamejengwa banda la gari. Nyumba ya pili mama mmoja aliniambia kwamba mbuzi wake alikula majani ya ua hilo akaugua, naye akalichimba akalitupa mtoni. Hapo nilijifunza jambo ambalo nakuomba ulishike: ua hili lina sumu, hasa tunguu lake. Ukilishika, nawa mikono, na usilipande penye mbuzi au mtoto mchanga anayetia kila kitu mdomoni.

Nyumba ya tatu ilikuwa ya mama mwenye kisiagi. Nilimkuta amejaa unga mpaka kwenye nyusi. Nilipomtajia jina la mama yangu alizima mashine. Alinishika mkono, akanizungusha nyuma ya kisiagi, chini ya mparachichi mkubwa.

Nisemeje? Yalikuwa kumi na mawili. Kila moja lilikuwa kama mpira wa nyuzi nyekundu, mkubwa kuliko ngumi zangu mbili, juu ya shina nene la kijani. Ukilisogelea unaona kwamba si ua moja bali ni kundi la maua madogo madogo yaliyotoka mahali pamoja. Baadaye mwalimu wetu wa Biolojia alinieleza kwamba mpira mmoja unaweza kuwa na maua hata 200, na kwamba jina lake la kisayansi ni Scadoxus multiflorus. Ni ua la Afrika hii yetu, halikuletwa na meli ya mtu. Vipepeo walikuwa wakipanda na kushuka juu yake, na chozi mmoja, yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda, alikuwa akifyonza huku akining'inia.

"Mama yako alinipa mawili," yule mama alisema. "Mimi nikampa mche wa mpapai. Mpapai ulishakufa zamani, sivyo? Lakini hawa wamezaa."

Alichimba matano pamoja na donge kubwa la udongo ili mizizi isishtuke, na wakati akichimba alinifundisha. Usilifukie tunguu ndani sana, shingo yake iwe juu juu usawa wa udongo. Lipe kivuli kidogo, kama cha mti unaopitisha jua la asubuhi. Mvua ikinyesha, linatosheka. Majani yakianza kuwa ya manjano, usimwagilie tena, liache lilale. Na mwaka wa kwanza usilidai ua. "Ukimhamisha mtu nyumba, lazima anune kidogo," alisema.

Mawili tuliyapanda mlangoni kwa Susu. Matatu nilikuja nayo shuleni mwezi wa Mei, nikayapanda karibu na maktaba.

Hapa ndipo ninapotaka kukiri kosa la pili, ambalo kwangu ni baya kuliko la kwanza. Kosa la kwanza nililifanya kwa kutojua. La pili nililifanya hali najua. Rafiki yangu mmoja wa bweni moja nami, mtoto wa Taita, aliniona nikipanda akaniuliza. Nikamweleza kisa chote. Akasema, "Basi nipe moja, likizo nimpelekee mama. Kwetu kuna mawe na kivuli, litakaa vizuri." Nikamwambia, "Wewe, ngoja kwanza." Akaniomba tena muhula wa tatu. Nikamwambia vile vile. Yalikuwa ya mama yangu, nami sikutaka kuyaachia tena. Nilimwona yule mama wa kisiagi akinipa matano bila kuhesabu, na bado nikayakumbatia yangu matatu kama bahili na sarafu zake.

Sasa sikiliza kilichotokea. Mwezi wa Aprili na Mei 2024 mvua ilinyesha mpaka nchi nzima ikalia. Mito ilifurika, watu wengi wakafa na wengine wakapoteza makao. Mnakumbuka kwamba ufunguzi wa shule uliahirishwa mara mbili, kutoka tarehe 29 Aprili hadi tarehe 6 Mei, kisha hatimaye tukarudi tarehe 13. Nilipofika tu, kabla hata ya kupeleka sanduku bwenini, nilikimbilia maktaba. Katika ujinga wangu nilikuwa nimepanda pale maji ya paa yanapomwagikia. Palikuwa kama uji. Nilichimba kwa mikono. Matunguu yote matatu yalikuwa yameoza, laini kama ndizi iliyokanyagwa, yananuka.

Rafiki yangu alikuja akasimama nyuma yangu. Hakunicheka. Alisema maneno machache tu: "Ungenipa moja, leo ningekurudishia."

Wenzangu, nimesoma vitabu kadhaa vya fasihi hapa shuleni, na sijapata funzo lililonichoma kama maneno hayo. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu mwenyewe kwamba maua ya mama yalipona kwa sababu aliyatoa. Yale aliyoyaweka mlangoni niliyachoma. Yale aliyompa jirani yalinisubiri. Nami nikaja nikayafungia tena mahali pamoja. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Na mimi naongeza: kutoa ni akiba vile vile, na akiba haiozi.

Likizo ya Agosti nilirudi kwa mama mwenye kisiagi na uso wa aibu. Aliponisikia alicheka mpaka unga ukamruka kichwani. Alinipa sita. Safari hii nilipanda mawili tu, kwenye ule mwinuko mdogo nyuma ya maktaba, chini ya mjakaranda, ambapo maji hayatuami. Moja nilimpa mtoto wa Taita. Moja nilimpa mpishi wetu wa jikoni, moja mlinzi wa langoni, na moja mwalimu mlezi wa chama.

Tangu hapo zoezi hili likawa kama mchezo. Mwalimu mlezi alitangaza kwamba siku ya kufungua shule, anayetaka alete mmea mmoja kutoka kwao na aondoke na mmoja wa mwenzake siku ya kufunga. Kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea vitu ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, watu walikuja na miche ndani ya pakiti za maziwa, mikebe na vibuyu vilivyopasuka. Vituko havikukosekana. Kuna aliyeleta kitunguu cha kawaida akidhani ataniongopea! Lakini tulijifunza mengi, nami nataka kuyaweka hapa ili yasipotee.

Mmoja alileta vipandikizi vya bugenvilia. Chagua tawi gumu, nene kama kidole, refu kama shibiri moja. Toa majani, lilaze kidogo udongoni, usilizamishe katika maji. Ikishika vizuri, ukame kidogo huifanya ichanue zaidi. Na je, mlijua kwamba ile rangi ya zambarau au nyekundu siyo ua? Ni majani yaliyobadilika. Ua lenyewe ni kile kijidude cheupe kilicho katikati. Mmea huu asili yake ni Amerika ya Kusini, ukapewa jina la baharia Mfaransa, Louis Antoine de Bougainville.

Msichana wa Mombasa alileta asumini. Baridi yetu ya Julai ilitaka kuiua. Aliiokoa kwa kuisogeza ukutani pale jua la mchana linapopiga, kisha akainamisha tawi moja na kulifukia katikati mpaka likatoa mizizi, akalikata. Sasa zipo tatu. Jioni ukipita hapo utadhani uko Forodhani.

Mwingine alileta pareto kutoka Nyandarua. Maua yake meupe yakikaushwa na kusagwa huua wadudu. Tulipovamiwa na vidukari, kuna waliotaka tunyunyize kila mahali. Mwalimu akatuzuia. Alisema pareto haiulizi nani rafiki na nani adui, itaua vidukari na itaua nyuki pia. Tukaosha vidukari kwa maji ya sabuni, shina kwa shina. Wiki ile ile tukaona wale wadudu wekundu wenye madoadoa meusi mgongoni wakija kuwala waliobaki. Bustani ina askari wake, sisi ndio huwafukuza.

Na si kila ua zuri ni la kugawa. Mwenzetu wa Kisumu alitaka kuleta gugu maji kwa sababu lina maua mazuri ya rangi ya samawati iliyoiva. Mwalimu alikataa katakata. Gugu hilo kwao ni Amerika ya Kusini, likasambazwa duniani na watu waliolipenda kwa uzuri wake. Karibu na mwaka wa 1990 lilionekana katika upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, na tangu hapo limewafungia wavuvi njia mara nyingi. Kwa hiyo kabla ya kutoa, uliza: huyu akifika huko atakaa kama mgeni au atajifanya mwenye nyumba?

Lakini mwalimu alitupa mfano mwingine pia. Katika milima ya Usambara huko Tanzania kuna ua dogo la zambarau linaloota kwenye mawe yenye kivuli. Mwaka wa 1892 Mjerumani mmoja aliyekuwa ofisa huko, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani. Leo linakaa katika madirisha ya mamilioni ya nyumba Ulaya na Marekani, huku misitu yake ya asili ikizidi kupungua. Nilipoisikia habari hiyo nilimkumbuka mama mwenye kisiagi.

Nisisahau kinyonga. Katika ua wa miti nyuma ya maktaba yumo mmoja, na wenzangu wawili walitaka kumpiga mawe. Mimi nami namwogopa, sitadanganya. Susu aliniambia hadithi yetu Wakamba, kwamba hapo kale Mungu alimtuma kinyonga awaambie watu kuwa wakifa watafufuka. Kinyonga akaenda polepole, akafika akagugumia, "Niliambiwa... niliambiwa...", mpaka ndege akaja mbio akasema watu watakufa wasirudi. Ndiyo maana watu humchukia kinyonga. Lakini Susu alimaliza kwa njia yake. "Kinyonga watu hawakumsikiliza," alisema. "Maua yalimsikiliza." Basi mwacheni kinyonga wetu. Anakula nzi, na nzi wa jikoni mnawajua.

Mwezi wa Aprili 2025, kabla hatujafunga shule, nilitolewa darasani nikaambiwa naitwa ofisini, kuna simu. Magoti yalilegea. Kila mwanafunzi wa bweni anajua kwamba simu ya ghafla huwa ni ya msiba. Mwalimu alinipa simu yake. Ilikuwa sauti ya Susu, anapiga kelele kama wazee wanavyofanya kwenye simu.

"Mwanangu, unanisikia?"

"Nakusikia, Susu. Kuna nini?"

"Amebisha hodi."

Nilisimama pale ofisini mbele ya walimu, mvulana wa Kidato cha Tatu, nikalia. Mwalimu hakuniuliza kitu. Alinipa kitambaa.

Muhula uliofuata mtoto wa Taita naye alinijia na karatasi aliyoikunja mara nne. Alikuwa amechora ua lake kwa kalamu nyekundu, nyuzi moja moja, mpaka wino ukatoboa karatasi. Chini aliandika: "La kwetu limetoka. Likizaa, moja ni lako." Karatasi hiyo ninayo mpaka leo.

Sasa nafika kwenye ombi langu. Huu ni mwaka wa 2026, nami niko Kidato cha Nne. Disemba sitakuwa hapa. Yale matunguu mawili niliyoyapanda kwenye mwinuko nyuma ya maktaba yamezaa, na mengine nimeletewa na mama mwenye kisiagi. Mwaka huu yalichanua mipira minne, na wengi wenu mlisimama kuitazama. Lakini ninapoandika haya majani yamekwisha kunyauka. Ukienda pale utaona udongo mtupu na duara la mawe, basi.

Wanafunzi wenzangu wa vidato vya chini, itafika siku mwalimu wa zamu atawapa majembe. Itafika siku kiranja atawaambia, "Limeni hapo, hapana kitu." Mwambieni kwa heshima kwamba kipo. Walimu wetu wapenzi, nanyi nawaomba. Mkitaka kupanda mboga, iko nafasi kubwa upande wa pili wa mjakaranda.

Na mvua ikija, maua yakitoka, mtu akisimama akayasifu, msimwambie "ngoja kwanza". Subirini majani yanyauke, chimbeni moja polepole, mpeni aende nalo kwao, awe wa Kitui, wa Lodwar au wa Lamu. Siku mtakayoyapoteza hapa kwa mafuriko, kwa moto au kwa mjinga mwenye jembe kama nilivyokuwa mimi, mtajua mlango wa kubisha.

Nawatakia mvua njema.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne, mwanachama wa Chama cha Kiswahili